Siku Tulipofunga Vyoo Vyote

Miaka tisa nimedeki jengo la baraza la mji, na katika miaka hiyo hakuna diwani hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeamkaje. Walinipita kama mtu anavyopita nguzo. Halafu uchaguzi ukakaribia, sisi wasafishaji tukaandika barua ya kudai nyongeza ya mshahara, na ghafla nikawa dada, nikawa mama, nikawa shujaa na uti wa mgongo wa mji. Ndani ya wiki mbili nilikumbatiwa na waheshimiwa watano. Mmoja alinikumbatia nikiwa nimebeba ndoo ya maji machafu, tena kwa nguvu. Nilimwonea huruma yeye na suti yake.

Walikuja kwa zamu, kila mmoja na mpiga picha wake. Mheshimiwa anavaa ovaroli juu ya suti, anapewa dekio, anainama, anapigwa picha, anavua, anaondoka. Tukibaki wenyewe, ile sakafu tunaideki upya, kwa sababu wote walideki wakienda mbele na kukanyaga palepale walipopangusa. Deki inapigwa kinyumenyume, jamani. Hilo hata mwanangu wa miaka sita analijua, na yeye hajagombea cheo chochote.

Aliyewazidi wote alikuwa diwani tuliyempa jina la Bega kwa Bega, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutuambia yuko nasi bega kwa bega. Huyu alikuja mara nne. Mara ya tatu alilia. Alilia kwa jicho moja tu, lile la upande wa kamera, na mpaka leo sijui mtu anajifunzia wapi ufundi wa namna hiyo.

Wenzangu walimpenda. Hata mimi nilitaka kumpenda. Mkubwa wetu peke yake ndiye aliyekunja uso. Tulimwita Komandoo: mwanamke wa miaka hamsini na nane, mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya honi ya lori. Ndiye aliyeandika ile barua, na ndiye aliyeipeleka kwa Mwenyekiti wa baraza mkono kwa mkono.

"Mwanangu," aliniambia tukikamua madekio, "huyo anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Lakini amelia, mama."

"Hata bomba la ghorofa ya tatu linalia. Limewahi kukusaidia nini?"

Moyoni nilimkasirikia. Mtu mwenye shida hapendi kuambiwa asitumaini. Na shida yangu mimi ilikuwa moja tu. Nilikuwa na kazi mbili. Alfajiri saa kumi na moja niko kwenye jengo la baraza mpaka saa tisa mchana, na saa kumi naanza kusafisha jengo la benki mpaka saa tatu usiku. Natoka nyumbani mwanangu amelala, narudi amelala. Jumapili yeye yuko macho, basi mimi ndiye ninayelala. Mwanangu nilimjua kwa habari tu, ninazoletewa na mama yangu anayekaa naye: leo amejifunza kuandika jina lake, leo amegombana na mwenzake shuleni, leo amedondosha jino. Pengo la jino lile nililiona kwa tochi ya simu huku mwenyewe anakoroma. Nyongeza tuliyodai ingetosha kuniachisha kazi ya benki. Sikutaka gari wala nyumba ya vigae. Nilitaka kumwona mtoto wangu akiwa macho.

Sasa niwaambie jambo ambalo waheshimiwa hawalijui. Msafishaji hamjui mtu kwa sura. Kazi yetu iko chini, macho yetu yako chini, na watu wote tunawajua kwa viatu. Mwenyekiti alikuwa na viatu vyeusi vinavyolia kwi kwi, kwa hiyo tulijua anakuja kabla hajatoka kwenye gari. Bega kwa Bega alikuwa na vya ngozi ya mamba, vyekundu vilivyoiva, vimechongoka mbele. Na kulikuwa na vya kahawia vilivyotiwa soli mara mbili, vya diwani mzee kuliko wote, ambaye tulimwita Mzee Kimya kwa kuwa hakuwa msemaji. Viatu vile vikifika kwenye sakafu iliyolowa, vinasimama. Mwenye viatu anangoja pakauke, hata kama amechelewa, ndipo anapita. Mwenzetu mmoja aliwahi kumfuata amwombe picha na sisi kama wengine, naye akajibu, "Siku ya kura mtaniona," akaenda zake. Tulimwona mtu baridi.

Viatu vya mamba tulivijua mahali pengine pia. Siku baraza lilipopiga kura juu ya wanawake wa sokoni, ambao Bega kwa Bega alikuwa ameandamana nao jua kali, mimi nilikuwa ninadeki choo cha ghorofa ya pili. Chini ya mlango wa pili nikaviona viatu vile vimetulia tuli. Vilikaa pale nusu saa. Kura ilipokwisha, akatoka akijipangusa mikono, akauliza watu ukumbini, "Wameshapiga? Jamani, nami nilikuwa natoka tu mara moja!" Wanawake wa sokoni wakashindwa kwa kura moja, naye akaenda kuwafariji. Siku ya kura ya wabeba taka, Komandoo aliviona palepale, chini ya mlango uleule.

Haikuhitaji elimu kubwa kuelewa. Wafanyakazi ndio wenye kura, na mkandarasi anayetulipa sisi ndiye aliyemchangia pesa za kampeni. Choo kilimwezesha kubaki rafiki wa wote wawili.

Madiwani walikuwa ishirini na watano, mbali na Mwenyekiti. Kumi na wawili walikuwa wametupinga waziwazi. Kumi na watatu walikuwa wamesema wako upande wetu, pamoja na Bega kwa Bega kwa kelele na Mzee Kimya kwa maneno yake manne. Akikosekana mmoja tu katika hao, kura zinalingana, na zikilingana Mwenyekiti ndiye anayeamua. Mwenyekiti alikwisha kusema mishahara ya wasafishaji ikipanda mji utafilisika. Alisema hivyo huku akiwekewa zulia jipya.

"Panya akiwa na tundu moja," alisema Komandoo siku moja kabla ya kura, "unaliziba. Jengo hili lina vyoo vinane. Kesho vyote vinane vinasafishwa."

Mwenzetu mmoja akasema tuweke tu vile vibao vya manjano vya SAKAFU IMELOWA, inatosha. Komandoo alimtazama kana kwamba ametukana wazazi wake.

"Kibao chetu hakijawahi kusema uongo. Tukiweka kibao, sakafu imelowa."

Basi siku ya kura, saa tano asubuhi, tulimwaga dawa kwenye vyoo vyote, ile kali ya kung'oa kutu, ambayo ukishaimwaga huingii mpaka saa mbili zipite. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, vya wanaume, vya wanawake, kile cha wageni, hata kile kidogo cha Mwenyekiti mwenyewe. Macho yalituwasha, lakini tulicheka. Sijawahi kusafisha vyoo kwa furaha kama siku ile.

Kikao kilikuwa kimeanza saa nne. Sisi wasafishaji haturuhusiwi kuingia ukumbini kikao kikiwa kimekaa; hiyo ni amri, na anayeivunja anafukuzwa. Lakini stoo yetu ya madekio imepakana na ukumbi, na karibu yake kuna mlango mdogo wa nyuma wenye kioo, wa kupitishia maji ya kunywa. Tukakaa stoo watu tisa, kila mmoja juu ya ndoo aliyoipindua, tukisikiliza vipaza sauti kupitia ukutani. Wenzetu watatu walibaki ngazini, kila ghorofa mmoja.

Ilipokaribia saa sita, Mwenyekiti akatangaza kuwa hoja ya mishahara ndiyo inayofuata. Tukasikia kiti kikisukumwa. Tukatazamana.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wale wa ngazini. Bega kwa Bega alipanda ghorofa ya pili mbiombio, akakutana na kibao cha manjano na harufu ya dawa. Mwenzetu akampigia salamu kwa sauti: "Mheshimiwa! Bega kwa bega!" Akatabasamu, akapanda ya tatu. Kibao. "Mheshimiwa! Bega kwa bega!" Akateremka ya kwanza. Kibao. Akajaribu cha wanawake, akatoka machozi yakimtiririka, safari hii macho yote mawili.

"Vyoo vyote?" aliuliza.

"Vyote, mheshimiwa. Leo ni siku kubwa."

Akaelekea mlango mkuu atoke nje. Lakini nje kulikuwa na umati wa watu mia mbili wamevaa fulana zenye uso wake, wanaimba nyimbo za kutuunga mkono. Mwenyewe ndiye aliyewaleta, kwa mabasi manne, apate kuonekana kwenye habari. Walipomwona kwenye kioo wakapiga vigelegele. Akawapungia mkono akirudi kinyumenyume, na hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kwenda mwendo wa mpiga deki.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sisi tumekaa kimya stoo, mara kitasa kikazungushwa taratibu, mlango ukafunguka, kichwa kikaingia kwanza, kisha mwili, na mtu akaufunga mlango nyuma yake na kushusha pumzi ndefu ya kuokoka. Ndipo akageuka. Akatuona watu tisa juu ya ndoo tisa.

"Oo!" alisema. "Nilikuwa nawatafuta."

"Umetupata," alisema Komandoo.

"Nimekuja kuwatia moyo."

"Haya, tutie."

Akatazama saa yake. Na sisi tukaitazama saa yake. Akavuta ndoo iliyobaki, akakaa katikati yetu, akaweka mkono juu ya kifua.

"Ndugu zangu," alisema, "nimefikiri sana. Katika saa ngumu kama hii mahali pangu si kule ukumbini, kwenye viti vya starehe. Mahali pangu ni hapa pamoja nanyi. Tuyasubiri matokeo bega kwa bega."

Nakiri nilitaka kumpigia makofi. Uongo mzuri kiasi kile huusikii kila siku.

"Mheshimiwa," alisema Komandoo, "mabega humu ndani tunayo kumi na manane. Leo tunataka miguu yako. Kura ni ya kusimama."

Kengele ya kura ikaanza kulia. Kengele hiyo hulia dakika tano, kisha bawabu anafunga mlango wa ukumbi kwa ufunguo, na aliye nje amebaki nje. Komandoo akasimama. Sote tukasimama. Hakuna aliyemgusa mheshimiwa hata kwa kidole. Tulimzunguka tu kwa heshima, kila mmoja na dekio lake, tukatoka naye. Alipofika kwenye korido, mpiga picha wake alituona, akadhani ndiyo shughuli yenyewe, akaanza kurekodi. Na Bega kwa Bega akiona kamera hawezi kujizuia. Akakunja ngumi, akainua kidevu, akaingia ukumbini kama jemadari anayerudi vitani.

Tulirukaruka kama watoto. Nikakimbilia mlango mdogo wa nyuma nichungulie kwenye kioo nimwone akikaa, nifurahie. Nikamwona amekaa. Kisha macho yakaenda safu ya nyuma yake.

Kiti cha Mzee Kimya kilikuwa kitupu.

Nilijua pale pale. Kila msafishaji wa jengo lile alijua kwamba Mzee Kimya anakunywa vidonge vya presha, vile vinavyompeleka mtu haja ndogo kila baada ya nusu saa. Tulijua kwa kuwa tuliviona viatu vyake pale kila mara, na ndiye pekee aliyekiacha choo kama alivyokikuta. Tulikuwa na habari zake zote, na kwa furaha ya kumnasa mwizi wetu hakuna hata mmoja kati yetu aliyemkumbuka. Mtu anayetunyanyasa tulimkumbuka usiku na mchana. Anayetustahi tulimsahau.

Nilipanda ngazi nikiruka mbili mbili. Nilimkuta ghorofa ya pili, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, vile viatu vya kahawia vimesimama sentimita moja kabla ya kibao cha manjano.

"Mzee! Kengele inalia!"

"Naisikia, mwanangu. Nimezunguka ghorofa zote tatu." Hakuwa akilalamika. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Mmefanya usafi mkubwa leo."

Laiti sakafu ile ingepasuka ikanimeza. "Kuna choo cha sokoni, mzee, ng'ambo ya barabara. Nitakushika mkono, twende."

"Na nikirudi?"

Habari za mlango wa ukumbi alizijua kuliko mimi. Alikuwa diwani kabla sijaolewa.

"Tuko wangapi upande wenu?" aliuliza.

"Kumi na watatu ukiwemo wewe, mzee. Bila wewe tumekwisha."

Akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Basi twende chini. Taratibu. Na usinichekeshe."

Tuliteremka ngazi kama tumebeba kapu la mayai. Tulipofika kwenye korido kengele ilikuwa imenyamaza, na bawabu, ambaye ni mume wa dada yangu, alikuwa ameshatia ufunguo tunduni.

"Shemeji, subiri!"

"Dakika tano zimekwisha, shemeji. Sheria ni sheria."

"Shemeji, Jumapili ulikula kwa nani? Uliongezwa mara ngapi?"

Bawabu alinitazama, akamtazama mzee, akaitazama saa yake, akaitikisa. "Saa hii nayo," alisema, "ina haraka zake," akafungua mlango.

Nilirudi mbio mlango wa nyuma. Ndoo moja ilikuwa pale, imejaa maji ya sabuni tuliyokuwa tumeyaandaa kwa ajili ya korido. Nikaishika mkononi bila sababu. Mtu akiwa na hofu hushika chombo chake. Mlango nikauacha wazi kidogo.

Wapinzani walisimama kwanza. Karani akawahesabu: kumi na wawili. Wakakaa. Kisha wakasimama wetu. Bega kwa Bega mbele, ngumi juu, mpiga picha wake kule juu kwenye viti vya wageni akimlenga. Nyuma yake tu, Mzee Kimya, mikono miwili imeshika kiti kilicho mbele yake. Karani akahesabu. Kumi na watatu. Mwenyekiti akakunja uso, akasema hakuridhika, ihesabiwe tena. Karani akaanza upya toka kushoto, polepole, akinyoosha kalamu. Kumi na watatu. Mwenyekiti akasema kwa kuwa jambo hili ni zito, na kwa kuwa linagusa fedha za wananchi, ihesabiwe mara ya tatu, kila mmoja atajwe kwa jina.

Na majina ya waheshimiwa ni marefu.

Walipofika jina la tano, niliona mguu wa suruali ya Mzee Kimya ukibadilika rangi, kuanzia juu, taratibu, ukishuka. Kisha nikaona maji yakivizunguka vile viatu vya kahawia. Hakuyumba. Hakuangalia chini. Angeketi tu, aibu ile ingefichika chini ya meza, nasi tungebaki kumi na wawili. Alisimama wima kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Nilimpenda mzee yule wakati ule kama nilivyompenda baba yangu, na nililia, tena kwa macho yote mawili.

"Kumi na watatu," alisema karani.

Mwenyekiti hakuwa na pa kukimbilia. Akagonga meza na kusema hoja imepita, kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi yake. Ukumbi ukalipuka. Wenzangu nyuma yangu wakapiga yowe. Na nikaona Bega kwa Bega anageuka na kufungua mikono amkumbatie wa kwanza aliye karibu, na wa kwanza aliye karibu ni Mzee Kimya, na kamera inamfuata yeye, na watu wote ukumbini wanaifuata kamera. Sekunde mbili zaidi na mji mzima ungeona.

Sikufikiri. Ningefikiri, nisingeingia. Nilisukuma mlango nikaingia ukumbini na ndoo yangu, mimi nisiyeruhusiwa, nikakimbia kati ya viti, nikapaza sauti "Ahsanteni waheshimiwaaa!" na nilipomfikia mzee nikajikwaa. Nilijikwaa vizuri. Ndoo yote, lita kumi za maji ya sabuni, ikamwagika juu ya miguu yake, juu ya zulia, juu ya karatasi za kikao na ndani ya viatu vya mamba. Bega kwa Bega alikuwa amenyanyua mguu aje kukumbatia. Mguu huo ukatua kwenye povu. Kwanza ulienda mguu, kisha ukaenda wa pili, na kisha mheshimiwa mwenyewe akaonekana amelala chali, mikono bado imefunguka.

"Nani huyu?" alifoka Mwenyekiti.

"Mimi, mheshimiwa. Msafishaji. Furaha imenizidi."

Na hapo Mzee Kimya, ambaye ukumbi ule ulikuwa haujamsikia akipaza sauti kwa miaka mingi, akaanza kufoka. "Binti gani wewe! Tazama ulivyonilowesha! Suruali nzima! Ndiyo nyongeza tunayowapa?" Madiwani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alifoka vile huku ananiinua, na mkono wake ulikuwa umeukamata wangu na kuubana kwa nguvu, hauniachii.

Siri hiyo nimeitunza miaka mingi. Mzee sasa ametangulia mbele ya haki, na kabla hajatangulia aliniruhusu niisimulie, akicheka. Alisema nisisahau tu kutaja kwamba alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai.

Nyapara wetu, msimamizi aliyewekwa na mkandarasi, hakucheka. Alinivuta korido, akaniambia nimemwaibisha yeye na kampuni, kwamba barua ya onyo nitaikuta kesho mezani kwake, na leo asinione tena mahali pale. Bega kwa Bega naye alipigwa picha amelala kwenye povu, na kesho yake magazeti yakaitoa ukurasa wa kwanza. Mtu mwingine angehama mji. Yeye aliichapisha kwenye mabango: ALIANGUKA KWA AJILI YA WAFANYAKAZI. Na akashinda! Wapiga kura wa mji huu, sijui niwaambie nini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilitoka jengo la baraza saa saba mchana, viatu vimelowa, onyo kichwani. Mtu mwenye akili angengoja mpaka nyongeza ianze mwezi uliofuata. Mimi sikungoja. Nilikwenda benki nikarudisha sare yao na funguo, nikamwambia msimamizi asitafute sababu, sababu ninayo nyumbani. Kisha nikaelekea kwetu. Sikuwa nimewahi kuipita njia ile mchana siku ya kazi, na nilishangaa kuona majirani zangu wana sura.

Mwanangu alikuwa amechutama mbele ya mlango, anachora mistari kwenye udongo kwa kijiti. Akainua kichwa. Alinitazama muda mrefu kidogo. Halafu akatupa kijiti, akakimbia. Hakunikimbilia mimi, alikimbilia ndani.

"Bibi! Bibi! Mama amefukuzwa kazi!"

Mama yangu akatoka na mkono kifuani, uso umemshuka. Nikasema sijafukuzwa. Nikasema tumeshinda. Mama akakaa chini palepale na kuanza kumshukuru Mungu kwa sauti, ila mtoto hakuridhika. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, kama karani anayehesabu upya.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umesahau kitu?"

"Sijasahau kitu."

Akafikiri. "Sasa umekuja kufanya nini?"

Waheshimiwa watano walikuwa wamenihutubia wiki mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kama lile. Nilikaa kwenye kizingiti ili tulingane urefu.

"Nimekuja kukuona," nilimwambia.

Alinikagua kama kuna ujanja ndani ya jibu lile. Kisha akavuta gauni lake likae sawa, akapangusa udongo magotini, akasimama wima mbele yangu.

"Haya," alisema. "Nione."